Dziga Vertov na Suala la Ukweli katika Filamu za Hali Halisi

1.0 Utangulizi

Wahakiki wetu wa fasihi wamelijadili kwa muda mrefu suala la uhalisia. Wapo walioshikilia kwamba sanaa ni kioo cha jamii, na wapo waliowapinga kwa hoja kwamba kioo hakichagui kinachokipitia mbele, ilhali msanii huchagua. Mjadala huo umejikita zaidi katika riwaya, tamthilia na ushairi. Filamu imeguswa kwa nadra, na filamu za hali halisi, ambazo wengine huziita dokumentari, zimeguswa kwa nadra zaidi. Jambo hili linashangaza, kwani ni katika filamu za aina hiyo ndipo swali la uhalisia linapokuwa kali kuliko kwingine kote. Msomaji wa riwaya anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wahusika wamebuniwa. Mtazamaji wa filamu ya hali halisi ameahidiwa kinyume chake.

Makala haya yanaeleza maisha ya mtu aliyeichukua ahadi hiyo kwa uzito usio wa kawaida, naye ni Dziga Vertov (1896–1954), mtengenezaji filamu wa Muungano wa Kisovieti. Ingewezekana kulifikia suala hili kwa kupitia maisha ya Mmarekani Robert Flaherty au ya Mskoti John Grierson, na tutawarejelea wote wawili. Vertov amechaguliwa kwa sababu yeye ndiye aliyetamka wazi kwamba ukweli wa filamu hautokani na kamera peke yake bali hujengwa mezani pa mhariri, kisha akaishi muda wa kutosha kuona meza hiyo ikichukuliwa na watu wenye nguvu kuliko yeye. Dai letu ni kwamba kazi zake hutuaminisha pale tu zinapoturuhusu kuiona meza hiyo.

2.0 Ujana na majaribio ya sauti

Vertov alizaliwa tarehe 2 Januari 1896 katika mji wa Białystok, ambao leo uko Poland lakini zama hizo ulikuwa ndani ya dola ya Urusi. Jina alilopewa na wazazi wake, waliokuwa Wayahudi, ni David Kaufman. Baba yake alishughulika na vitabu. Wadogo zake wawili nao waliingia katika sinema: Mikhail, ambaye tutakutana naye tena, na Boris, aliyekwenda Ufaransa akawa mpigapicha wa Jean Vigo, kisha akahamia Marekani na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika filamu ya Elia Kazan ya mwaka 1954.

Elimu ya kwanza ya sanaa aliyoipata Vertov ilikuwa ya muziki. Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila anayezichambua filamu zake, maana mpangilio wake wa picha unafuata mapigo na marudio zaidi kuliko unavyofuata kisa. Mwaka 1915, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia, familia ilikimbilia ndani ya Urusi, na kijana akajiunga na chuo cha taaluma ya nafsi na neva mjini Petrograd. Huko alianza kujaribu kunasa sauti za ulimwengu na kuzipanga upya kama mtunzi apangavyo noti: mngurumo wa kiwanda cha kupasulia mbao, maporomoko ya maji, mazungumzo ya mitaani. Vifaa vya wakati huo havikuiweza kazi hiyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, kushindwa huko ndiko kulikomfanya atafute chombo cha kunasa kinachoonekana, maadamu kinachosikika kilikuwa kimemponyoka.

Ni katika miaka hiyo alipojipa jina jipya. *Dziga*, kwa lugha ya Kiukraine, ni pia, ile ichezewayo na watoto. Na *Vertov* limetokana na kitenzi cha Kirusi chenye maana ya kuzunguka. Jina zima basi ni la mzunguko juu ya mzunguko, na lilimfaa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha mpini wa mashine ya filamu.

Mwaka 1918, miezi michache baada ya Mapinduzi ya Oktoba, alipata kazi katika Kamati ya Filamu mjini Moscow, akawa mhariri wa *Kino-Nedelia*, yaani Wiki ya Filamu, gazeti la kwanza la habari za filamu la serikali mpya. Aliletewa vipande kutoka kila upande wa nchi iliyokuwa vitani: askari, wakimbizi, treni zilizokwama, mazishi. Mara nyingi vilikuwa vifupi na havina mpangilio. Kuviunganisha viweze kusema jambo ndiyo iliyokuwa shule yake. Baadaye alisafiri na treni za uenezi zilizopeleka sinema vijijini na kwa askari wa Jeshi Jekundu, akadai kuwa wakulima walizipuuza hadithi za kuigizwa lakini walichangamka walipoona wakulima wenzao na mashine halisi. Pengine alikuta alichokuwa akikitafuta. Hata hivyo, itikadi yake ya kisanaa ilikwisha kuumbika.

3.0 Jicho-Filamu

Mwaka 1922 Vertov na wenzake, waliojiita *kinoki*, walichapisha azimio lao la kwanza. Walikataa filamu za kuigiza kwa jumla. Walikataa mwigizaji, jukwaa, mavazi ya kuazimwa, studio na mswada ulioandikwa kabla ya kazi. Sinema, kwa mtazamo wao, ilikuwa imegeuzwa mtumwa wa riwaya na tamthilia, na ilipaswa kuwekwa huru. Kiini cha kundi hilo kilikuwa watu watatu: Vertov mwenyewe, ndugu yake Mikhail Kaufman aliyekuwa mpigapicha, na Elizaveta Svilova, mhariri, ambaye alikuwa mke wa Vertov.

Mwaka huohuo wa 1922 filamu ya Flaherty iitwayo *Nanook of the North* ilianza kuonyeshwa New York. Kulinganisha mitindo hii miwili kuna faida kubwa. Flaherty alikaa miongoni mwa Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, akachagua watu wa kucheza kama familia moja, na mtu aitwaye Nanook katika filamu jina lake hasa lilikuwa Allakariallak. Wawindaji waliokwisha kuanza kutumia bunduki waliombwa wawinde kwa chusa kama wazee wao. Nyumba ya barafu ilijengwa kubwa kupita kawaida na kuachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie. Flaherty hakuona udanganyifu katika hayo. Kwake, ukweli ulikuwa roho ya maisha ya watu, na roho hiyo ingeweza kuigizwa upya na wenyewe ili isipotee. Kwa Vertov hiyo ilikuwa tamthilia tu, hata kama waigizaji wake hawakulipwa kama waigizaji. Yeye alitaka maisha yanaswe bila kujiandaa. Lakini, na hapa ndipo mambo yanapogeuka, kilichokwisha kunaswa alijiona huru kabisa kukikata, kukirudisha nyuma, kukiharakisha na kukiunganisha na kilichonaswa mahali pengine, siku nyingine. Flaherty aliibadilisha hali mbele ya lenzi kisha akaiheshimu mezani. Vertov alidai kuiheshimu mbele ya lenzi, akaibadilisha mezani.

Grierson, aliyelieneza neno dokumentari kwa Kiingereza tangu alipolitumia mwaka 1926 katika uhakiki wa filamu nyingine ya Flaherty, hakuwa na haja kubwa na ubishi huo. Kwake filamu ilikuwa mimbari ya kufundishia raia. Mtindo wake wa sauti ya msimulizi ielezayo kila kitu ndio uliotawala filamu za mashirika ya serikali katika sehemu nyingi za dunia kwa miongo kadhaa.

Kati ya mwaka 1922 na 1925 Vertov alitoa matoleo 23 ya *Kino-Pravda*, jina lenye maana ya Ukweli wa Filamu na lililorejelea pia gazeti la chama. Mwaka 1924 ikafuata *Kino-Glaz*, yaani Jicho-Filamu. Ndani yake mna sehemu ambayo nyama ya dukani inarudi nyuma hatua kwa hatua: inakuwa mzoga machinjioni, matumbo yanarudi mahali pake, ngozi inavalishwa, na ng'ombe anasimama na kurejea malishoni. Mkate nao unarudi kuwa nafaka shambani. Hii ni hila, lakini hakuna mtazamaji hata mmoja anayedanganyika nayo. Anaiona hila kama hila, na kwa kuiona anaelewa jambo ambalo macho matupu hayamwonyeshi, yaani kazi ya watu wote waliosimama kati ya malisho na duka.

4.0 Sehemu ya Sita ya Dunia

Hali ni tofauti katika *Sehemu ya Sita ya Dunia* (1926). Filamu hii iliagizwa na shirika la serikali la biashara ya nje, na jina lake linarejelea ukubwa wa Muungano wa Kisovieti katika nchi kavu ya dunia. Wapigapicha walitawanywa toka nchi za theluji za kaskazini hadi nyika za Asia ya Kati, kisha picha zao zikaletwa Moscow kuungwa. Maandishi ya katikati ya picha yanamwita mtazamaji moja kwa moja kwa nafsi ya pili: wewe ufugaye, wewe uwindaye, wewe ulaye nyama mbichi. Msomaji aliyezoea tenzi na majigambo yetu ataitambua mara moja mbinu hiyo ya kuita kwa zamu na kurudiarudia. Kama ushairi, filamu hii ina nguvu.

Kama ushahidi, ina walakini. Katika sehemu yake ya kwanza, inayosawiri ulimwengu wa mabepari na makoloni yao, tunaonyeshwa wanamuziki na wacheza dansi weusi. Hao walikuwa wasanii wa Kimarekani wa kikundi cha *Chocolate Kiddies*, kilichozuru Muungano wa Kisovieti mwaka huohuo wa 1926. Walikuwa ziarani, kazini. Kwa mkasi wa mhariri wakahamishiwa Magharibi, wakawa burudani ya matajiri, kando ya picha za watu waliotawaliwa. Mtu anaweza kusema kwamba unyonyaji uliosemwa na filamu ulikuwa wa kweli, na ni kweli ulikuwapo. Lakini watu hawa mahususi hawakuulizwa, hawakutajwa, wala mtazamaji hakupewa njia ya kujua walikuwa wapi. Filamu iliyotungwa kwa ajili ya kuwatetea wanyonge iliwatumia watu weusi kama herufi za kuandikia sentensi ya mtu mwingine. Mtafiti wa Kiafrika hawezi kulipita jambo hili kimyakimya.

Mhakiki Viktor Shklovsky aliugusa udhaifu huu mwaka uleule. Hoja yake ilikuwa kwamba picha ya hali halisi ikipokonywa mahali, tarehe na jina, inapoteza kile hasa kinachoitofautisha na picha ya kubuni. Vertov hakukubali. Kwa maoni yetu Shklovsky ana haki katika filamu hii.

Wakuu wa shirika la filamu la Sovkino walikuwa na malalamiko mengine: gharama zilivuka bajeti, na mtengenezaji alikataa kutoa mswada kabla ya kazi. Januari 1927 Vertov aliachishwa kazi. Akahamia Ukraine, ambako shirika la filamu la jamhuri hiyo lilimpokea.

5.0 Mtu mwenye Kamera

Kazi aliyoifanya huko, *Mtu mwenye Kamera*, ilianza kuonyeshwa Kyiv mnamo Januari 1929. Inafuata siku moja ya mji, tangu usingizi hadi jioni, ingawa mji huo haupo: umeundwa kwa picha za Kyiv, Odesa, Kharkiv na Moscow. Hadi hapa tungeweza kulalamika kama tulivyolalamika juu ya filamu iliyotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii ukumbi wa sinema wenyewe umo ndani ya filamu, na viti vyake, na watazamaji wake wakiingia kukaa. Mpigapicha, ambaye ni Mikhail Kaufman, yumo, akipanda juu ya madaraja na mabomba ya viwanda, akisimama ndani ya motokaa inayokwenda kasi ili alipige picha gari la farasi lililojaa wasafiri.

Ndipo farasi anasimama. Picha imeganda. Zinafuata nyuso nyingine zilizoganda, za wanawake na watoto, kisha tunagundua kwamba tunatazama utepe wa filamu ulio mezani. Svilova anaonekana akiuchunguza, akiukata, akiupanga kwenye rafu. Anachukua kipande, na mtoto aliyekuwa ameganda anacheka. Katika dakika hizo chache mtazamaji ameonyeshwa kwamba uhai anaouona ni kazi ya mikono, na mikono hiyo ameiona. Hakuna mtindo wa filamu za hali halisi wa zama hizo, wala wa Flaherty wala wa Grierson, uliodiriki kufanya hivyo.

Si kwamba Vertov aliyashika masharti yake yote. Mwanamke aonekanaye akiamka na kuvaa ni wazi alijua kuwa kamera ipo chumbani mwake. Vilevile filamu inaanza kwa maandishi yanayotangaza kwamba haitahitaji maandishi, na kwamba ni jaribio la lugha ya kimataifa iliyojitenga kabisa na fasihi na tamthilia. Sisi wa idara za lugha tunaruhusiwa kutabasamu hapo. Mabango ya maduka, magazeti na matangazo ya ukutani yamejaa ndani ya picha zake, na kila moja limeandikwa kwa lugha ya watu fulani.

Filamu haikupokewa vizuri na wengi. Eisenstein aliiona kuwa mchezo wa kamera usio na maana, na shutuma ya ufomalisti, ambayo wanafunzi wetu wanaikuta katika historia ya uhakiki, ilianza kumwandama Vertov. Ndugu hao wawili walitengana kikazi.

6.0 Sauti, kisha kimya

Teknolojia ya sauti ilipopatikana, Vertov alirudia ndoto ya ujana wake. *Shauku*, iliyokamilika mwaka 1930, ilirekodiwa ndani ya migodi na viwanda vya Donbas, wakati ambapo wataalamu wengi waliamini kwamba sauti haiwezi kunaswa nje ya studio. Ving'ora, nyundo, treni na nyimbo za maandamano vinapangwa humo kama muziki. Charlie Chaplin aliisifu alipoiona London mwaka 1931.

Lakini filamu hiyo inashangilia Mpango wa Miaka Mitano na mashamba ya pamoja, inaonyesha makanisa yakinyang'anywa misalaba kwa vifijo, na inamalizia kwa mavuno. Mwaka 1932 na 1933 mamilioni ya watu wa Ukraine walikufa kwa njaa iliyosababishwa na sera hizohizo. Haitoshi kusema kwamba Vertov hakuweza kujua yajayo. Nadharia yake ilimpa mhariri mamlaka ya kuufanya ulimwengu useme, bila kumpa aliyepigwa picha namna yoyote ya kukanusha.

*Nyimbo Tatu kuhusu Lenin* (1934) ndiyo filamu yake iliyopendwa zaidi nchini mwake. Imejengwa juu ya nyimbo za wanawake wa Asia ya Kati. Ina pia mahojiano ya mapema sana katika historia ya sinema: mwanamke mfanyakazi wa zege katika ujenzi wa bwawa la mto Dnieper anasimulia ajali iliyompata, akisitasita, akitabasamu, akitafuta neno. Kusita huko hakukukatwa, nako kuna thamani kuliko maandamano yote yaliyomo. Mwaka 1938 filamu ilihaririwa upya kufuatana na matakwa ya kisiasa ya wakati huo, na mwaka 1970 ikafanyiwa ukarabati mwingine. Toleo la 1934 kama alivyolikamilisha halipo.

*Wimbo wa Kubembeleza* wa mwaka 1937 ulimtukuza Stalin, katika mwaka ambao watu wengi mno walikamatwa na kuuawa, na hata hivyo uliondolewa upesi kwenye kumbi. Baada ya hapo Vertov hakupewa tena kazi kubwa ya kumridhisha. Wakati wa vita alifanya kazi Alma-Ata. Tangu mwaka 1944 aliajiriwa kuhariri matoleo ya kawaida ya habari za filamu, ambayo yangeweza kuhaririwa na yeyote. Mwaka 1949, wakati wa kampeni dhidi ya walioitwa watu wasio na uzalendo, kampeni iliyowalenga hasa Wayahudi, alishutumiwa hadharani. Alifariki kwa saratani mjini Moscow tarehe 12 Februari 1954.

7.0 Baada ya Vertov

Miaka saba baadaye, Wafaransa Jean Rouch na Edgar Morin walitoa filamu kuhusu watu wa Paris katika kiangazi cha mwaka 1960, wakaiita *cinéma-vérité*, tafsiri ya jina la *Kino-Pravda*. Rouch alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi Niger, Ghana na Côte d'Ivoire. Karibu na mwisho wa filamu yao, waliopigwa picha wanaketi ukumbini, wanajitazama, na wanabishana kama waliyoyaona ni kweli. Yaani aliyepigwa picha amepewa nafasi ya kukanusha. Wakati huohuo, Wamarekani wa kundi la Robert Drew walishika njia nyingine, ya kufuata matukio kwa kamera nyepesi bila kuuliza wala kuingilia, mtindo ambao huificha meza ya mhariri kuliko mwingine wowote. Tofauti za mitindo hii zimeainishwa sana vitabuni, lakini ni vyema mwanafunzi akaulizia kila mmoja wao jambo hili moja: nani alikuwapo wakati wa kukata?

Maandishi ya Vertov yalichapishwa Moscow mwaka 1966. Mwaka 2014 jarida la *Sight and Sound* la Uingereza lilifanya kura miongoni mwa wahakiki na watengenezaji filamu, na *Mtu mwenye Kamera* ikashika nafasi ya kwanza kati ya filamu zote za hali halisi. Mengi ya hayo yasingewezekana bila Svilova, aliyeacha kazi yake mwenyewe ili kupanga shajara, barua na nyaraka za marehemu mumewe, na ambaye sehemu ya hazina hiyo aliipeleka kwenye makumbusho ya filamu mjini Vienna. Yeye mwenyewe alikuwa ameongoza filamu, ikiwamo ya mwaka 1945 kuhusu kambi ya Auschwitz. Alifariki mwaka 1975. Utafiti juu ya kazi zake ni mchache sana ukilinganishwa na ule uliofanywa juu ya mumewe.